Vita vya Kagera: kwa nini JWTZ haikuishia Mutukula?

#1 Kipanga_Mweusi

Wakuu, habari za leo.

Kila Julai 25 ikifika tunasimuliwa kisa kilekile: Idi Amin wa Uganda alivamia, Mwalimu Nyerere akasema redioni uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, vijana wa jeshi letu, JWTZ, wakaenda wakashinda. Nimekulia kwenye simulizi hiyo na naiheshimu. Lakini nikizipanga tarehe kuna mahali nakwama.

Amin aliingia kwa nguvu Oktoba 30, 1978. Novemba 1 akatangaza kwamba mpaka mpya ni Mto Kagera. Katikati ya Novemba akasema anaondoa askari wake. Mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yetu ilikuwa imesharudi mikononi mwetu. Kampala ikaanguka Aprili 11. Kutoka Mutukula, pale mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200 ndani ya nchi ya watu.

Sababu aliyoitaja Mwalimu Novemba 2 ilikwisha Januari. Ile iliyotufikisha Kampala ilikuwa ipi, nani aliiamua, na mwananchi aliambiwa lini? Na imekuwaje aliyeingia Ikulu ya Uganda baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 awe Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, yuleyule aliyekuwa mgeni wetu Msasani?

Sisemi tulikosea kupigana. Nauliza nia ya serikali yetu. Karibuni, matusi wekeni pembeni.

#2 Ndizi_Mshale

Uzi huu utafika mbali. Nimekaa hapa, wenye historia yao waje.

#3 Chuma_cha_Pua

Mtoa mada, mwizi akivunja mlango wako, akachoma nyumba na kuondoka na ng'ombe, wewe unamfukuza hadi kwenye mpaka wa shamba halafu unamuaga? Amin bado alikuwa rais, ana jeshi, ana ndege za kivita, ana rafiki mwenye mafuta kule Tripoli, Gaddafi wa Libya. Angerudi tu. Mambo mepesi mnayafanya mazito.

#4 Mvuvi_wa_Ukara

#3 kumfukuza sawa. Ila ukishamtoa kwenye nyumba yake, funguo ukaja kumpa mgeni aliyekuwa amelala kwako, majirani lazima waulize. Ndicho anachouliza mwenzio, usimrukie.

#5 Omwana_wa_Bunazi

Waitu, nyie mnaongelea ramani, sisi tunaongelea kwetu.

Kwanza, wakati ule mkoa uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera limekuja na vita.

Pili, mama yangu alikuwa msichana Bunazi, ng'ambo ya pili ya daraja la Kyaka. Walikimbia na godoro moja na mbuzi, wakavuka kabla daraja halijalipuliwa. Ndugu zake waliochelewa walivuka kwa mitumbwi usiku, na wengine hawakuvuka kabisa. Wakati huo askari wa Amin walikuwa wanakusanya kila kitu: ng'ombe wa Ranchi ya Missenyi kwa maelfu, mashine za kiwanda cha sukari, mabati, hadi milango. Ukipita Kyaka leo magofu ya kanisa bado yapo, nendeni mkayaone.

Waliporudi Januari hapakuwa na kitu. Na hawakulala. Mutukula iko juu, ukiwa na mizinga pale unatupiga sisi tulio bondeni bila kuhama ulipokaa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini jeshi liliingia Mutukula, namwambia aje alale Bunazi Januari 1979 halafu aulize tena. Masaka na Kampala jadilini ninyi.

#6 Kipanga_Mweusi

#5 asante sana, na pole kwa wazee. Mutukula nakubali, hata kwenye kichwa cha uzi nimeandika "haikuishia Mutukula". Swali langu linaanzia pale.

#7 Masjala

Niweke mpangilio, maana watu wanaruka hatua.

Mwalimu hakutangaza mwanzoni kwamba anakwenda kumng'oa Amin. Msimamo wa serikali, na aliusema hadharani mapema 1979, ulikuwa kwamba kuna vita viwili. Kimoja ni cha Tanzania dhidi ya mvamizi, kingine ni cha Waganda wenyewe dhidi ya mtawala wao. Cha kwanza ni chetu, cha pili ni chao.

Aliiomba OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ifanye mambo manne: ilaani uvamizi, Amin afute madai yake ya ardhi, alipe fidia, na atoe ahadi ya kutorudia. OAU ilikaa kimya au ikaomba pande zote mbili zisitishe mapigano, kana kwamba zote zimevamia. Mwenyekiti wake wakati huo alikuwa Nimeiri wa Sudan.

Jeshi likaenda Masaka na Mbarara, ikachukuliwa miji yote miwili mwishoni mwa Februari. Hesabu ilikuwa kwamba hiyo ni adhabu ya Kyaka, na kwamba Waganda wataona Amin amedhoofika, watainuka wammalize wenyewe. Hawakuinuka kwa kiasi kilichotegemewa, na Gaddafi akaleta askari wake. Machi 10 na 11 tukapigana na Walibya pale Lukaya, kati ya Masaka na Kampala. Baadaye mwezi huohuo Gaddafi akamwambia Mwalimu aondoke Uganda ama Libya iingie vitani. Ukifika hapo huna tena vita vya mpaka. Ukirudi nyuma unamwachia Amin mpaka wako akiwa na jeshi la nchi nyingine mgongoni.

Maoni yangu: hapakuwa na nia moja iliyofichwa kwenye droo tangu siku ya kwanza. Nia ilikua kadiri vita vilivyokua.

#8 Chuma_cha_Pua

#7 umemaliza. Mods fungeni uzi.

#9 Mvuvi_wa_Ukara

Hakuna kufunga. Mkuu #7 umepanga vizuri sana ila umeanza kuhesabu 1978. Anza 1971.

Januari 25, 1971 Amin anapindua. Mwalimu anakataa kumtambua, anampokea Obote. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote wanavuka kutoka huku kwetu, kupitia hapohapo Mutukula, kwenda kumpindua Amin. Wanashindwa vibaya. Amin anajibu kwa kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Siad Barre, rais wa Somalia, anawapatanisha kwa Mkataba wa Mogadishu, Oktoba 1972.

Hiyo ni miaka sita kabla ya Amin kuvuka. Sasa ukiniambia nia ya kumtoa Amin ilizaliwa Lukaya Machi 1979, nakuuliza hawa wa 1972 walitumwa na nani, na walifanyia wapi mazoezi?

Na vita vilipoanza, Kikosi Maalum cha Oyite-Ojok na Tito Okello, Waganda wa upande wa Obote, kilikuwa pamoja na JWTZ. Museveni na FRONASA, kundi lake la wapiganaji, pia. Ukienda kulinda mpaka tu, unabeba serikali ya kesho ya jirani kwenye malori yako?

#10 Bint_Kemondo

Jamani, na nia ya Amin mbona hamuiulizi? Uzi unasema serikali kwenda vitani, na serikali ya kwanza kwenda vitani ni yake.

Jeshi lake lilikuwa linapasuka. Makamu wake Mustafa Adrisi alipata ajali ya gari Aprili 1978, na waliokuwa watu wake hawakuamini kwamba ni ajali. Miezi michache baadaye kukawa na maasi kwenye vikosi vya kusini, waasi wakakimbilia kwetu. Wapo wanaosema Amin aliwafukuzia waasi akajikuta amevuka, na wapo wanaosema aliwapa askari wenye hasira kitu cha kupora ili wasimgeukie yeye.

Kipo na kile kisa cha baa, kwamba afisa wake mmoja alikuja kulewa upande wetu, ukatokea ugomvi, naye akaanzisha vita kulipiza. Nimekisikia kwa wazee wa pande zote mbili za mpaka, kila mmoja na jina lake la baa.

#11 Masjala

#10 ongeza na hili. Mpaka ule ulichorwa na Waingereza na Wajerumani, mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mto Kagera ukabaki kusini yake, kwa hiyo kuna kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto. Amin alikuwa anakitazama siku nyingi. Na si sisi tu, Februari 1976 alidai hadi sehemu za magharibi mwa Kenya na kusini mwa Sudan.

#9, kuhusu 1972 sina ubishi, ilitokea. Ila kutamani mtu aondoke na kwenda kumwondoa ni hatua mbili tofauti. Baada ya Mogadishu, kwa miaka sita Tanzania haikuvuka.

#12 Mto_Tana

Hamjambo majirani. Mimi ni wa upande wa Garissa, nimesoma nikaona nichangie.

Haya mnayouliza ndiyo sisi tunauliza kuhusu Somalia. Oktoba 2011 KDF, jeshi letu la Kenya, ilivuka mpaka, operesheni ikaitwa Linda Nchi. Tuliambiwa ni sababu ya watu kutekwa nyara, Mwingereza na Mfaransa kule Lamu, halafu wafanyakazi wa misaada wa Kihispania Dadaab. Hata mwezi haujaisha, msemaji wa serikali mwenyewe akawaambia wanahabari kwamba jambo kubwa vile halipangwi kwa wiki moja, lilikuwa kwenye mipango kabla. Sasa utekaji ulikuwa sababu ama ulikuwa nafasi? Wengine wakasema ni kutengeneza Jubaland, kusini mwa Somalia, iwe ukuta kati yetu na Al-Shabaab, wengine bandari ya Lamu, wengine mkaa na sukari ya Kismayo. Mwaka wa 2012 jeshi liliingia Kismayo na hadi leo tunabishana.

Kitu kimoja tu, Katiba yetu ya 2010 inasema jeshi likitumwa nje ya nchi lazima Bunge liidhinishe. Nyinyi 1979 mliuliza nani?

#13 Ndizi_Mshale

Mkenya ametutoa Mutukula akatupeleka Kismayo, haya twende.

#14 Wakili_wa_Kijiji

#12 swali zuri. Katiba yetu ya sasa, ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, kisha nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, na Bunge linatakiwa kuitishwa ndani ya siku 14 lijadili. Lakini 1979 tulikuwa na chama kimoja. Ndani ya mfumo ule mbunge kusimama na kuuliza "Mheshimiwa, Masaka tunatafuta nini?" lilikuwa jambo gumu sana, tena wakati askari wako mstari wa mbele.

Kwa hiyo tunarudi kwa mtoa mada. Hata kama nia ilikuwa safi, hapakuwa na mahali pa kuihoji. Linanisumbua kuliko Obote.

#15 Chuma_cha_Pua

Wakili, nchi imevamiwa unataka watu wakae vikao? Wananchi walijibu kwa miguu. Jeshi lilitoka askari kama 40,000 likafika zaidi ya 100,000 kwa miezi michache: mgambo, JKT, polisi, magereza. Watu walitoa ng'ombe, wakatoa mazao, wenye malori wakatoa malori. Hiyo ni kura kubwa kuliko ya Bunge lolote.

#16 Wakili_wa_Kijiji

Walitoa kwa ajili ya Kyaka. Hakuna aliyewauliza kuhusu Kampala. Usizichanganye.

#17 Mtoto_wa_Mgambo

Nimesoma kimya kimya, hapa naomba niseme.

Baba alikuwa mgambo kutoka Singida, akaenda na kundi la upande wa Masaka. Amefariki sasa, lakini alikuwa anasimulia bila kificho. Walipovuka Mutukula kiongozi wao aliwaambia wanakwenda kumtoa nyoka shimoni, hakutaja mji. Walipochukua Masaka walipumzika, na wengi waliamini kazi imeisha. Kuna walioanza kuandika barua nyumbani kwamba wanarudi. Halafu ikaja amri ya kuendelea, na kufumba na kufumbua wako Lukaya usiku wanapigwa na mizinga ya Walibya.

Nilimuuliza mara nyingi, "Baba, uliambiwa unapigania nini pale Lukaya?" Alisema pale hakuna aliyehitaji kuambiwa, mtu anakupiga unampiga. Kuhusu Kampala alisema walikuwa na hamu nayo wenyewe, maana kila kijiji walichopita kusini mwa Uganda watu walikuwa wanatoka na matoke na machozi, wanawaambia mkirudi mtuache tutauawa.

Hilo nalo liingie kwenye hesabu zenu za nia.

#18 Kipanga_Mweusi

#17 Mungu amrehemu mzee. Bandiko lako limenipa kazi ya kufikiri. Naomba ukumbuke lolote zaidi kuhusu ile amri ya kutoka Masaka, hasa tarehe.

#19 Mkoba_wa_Ngozi

Mnazunguka. Angalieni tumbo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa 1977, mpaka na Kenya umefungwa, vijiji vya ujamaa havitoi chakula cha kutosha. Serikali yenye hali hiyo inahitaji adui wa nje. Amin alileta zawadi mlangoni.

#20 Masjala

#19 hapana. Serikali inayotafuta afueni haichagui vita vilivyoigharimu kiasi kinachotajwa kuwa dola milioni 500, bila msaada wa maana kutoka nje. Msumbiji ilituletea batalioni, wengine wengi walitupa pole. Baada ya vita Mwalimu mwenyewe alituomba tufunge mkanda miezi 18. Mafuta yakapanda bei mwaka huohuo wa 1979. Miezi 18 ikawa miaka: foleni za sukari, sabuni, vitenge vya kugawana. Nimelelewa ndani ya foleni zile.

Unaweza kusema vita vilitumika *baadaye* kueleza kila kilichoharibika, hilo nakubaliana nawe. Uchumi ulikuwa umeanza kuumwa kabla.

#21 Taa_ya_Pwani

Wapo wazee wetu huku Pwani waliosema vilikuwa vita vya dini, kwa kuwa Amin Mwislamu na Gaddafi Mwislamu. Naweka tu, nisikie.

#22 Bint_Kemondo

#21 Mkuu wa Majeshi alikuwa Abdallah Twalipo, Waziri wa Ulinzi Rashidi Kawawa. Waliokufa Kyaka na Minziro walikuwa wa dini zote. Gaddafi aliitaka iwe hivyo, huku haikuwa hivyo.

#23 Mzawa_wa_Masaka

Salaam ndugu zangu Watanzania. Mimi ni Mganda, Kiswahili changu nimejifunza kazini Mwanza, mnivumilie.

Kwetu askari wenu tuliwaita bakombozi. Bibi yangu aliwapikia. Ile silaha yenu ya roketi watu waliiita saba saba, mpaka leo mzee akisikia radi anasema saba saba. Amin alikuwa ameua watu wengi sana, ndani ya kila ukoo kuna mtu ambaye hakurudi. Nakasero, pale State Research Bureau, idara ya usalama ya Amin, mnajua wenyewe. Kwa hiyo mtu akisema Tanzania haikuwa na haki kuja, mimi simsikilizi. Ingawa mji wetu wa Masaka mliulipua majumba mkishauteka, na hilo wazee wa Masaka hawajasahau.

Lakini swali letu Waganda si kwa nini mlikuja. Ni kwa nini mlikaa, na mlikaa mkiwa upande wa nani. Lule aliapishwa kuwa rais Aprili 13, 1979, akatolewa Juni 20. Binaisa aliyemfuata akatolewa Mei 1980. Obote akarudi mwezi huohuo. Desemba 10 uchaguzi, Paulo Muwanga wa Tume ya Kijeshi akajipa mamlaka ya kutangaza matokeo yeye mwenyewe, UPC, chama cha Obote, ikashinda. Wakati huo wote askari wenu walikuwa nchini kwetu. Halafu 1981 vita vya msituni, Luweero, watu wakafa tena.

Nawashukuru na nawauliza. Yote mawili natoka nayo moyoni.

#24 Mvuvi_wa_Ukara

#23 karibu sana. Ndicho nilichokuwa nasema tangu #4, ila wewe umekisema kwa haki zaidi.

#25 Masjala

#23 karibu, na asante. Naomba tuangalie kitu kinachosahaulika. Mkutano wa Moshi, Machi 24 hadi 26, 1979, ndiko ilikoundwa UNLF, muungano wa Waganda waliompinga Amin. Obote hakuwepo. Mwalimu ndiye aliyemshawishi abaki nje, kwa sababu alijua Waganda wengi, Buganda hasa, hawamtaki. Lule akachaguliwa. Kama lengo lilikuwa kumrudisha Obote, kwa nini umzuie mlangoni siku ambayo una jeshi njiani kwenda Kampala na hakuna wa kukubishia?

#26 Mvuvi_wa_Ukara

Kwa sababu ukimleta siku ileile dunia nzima inaona. Ukimleta baada ya mwaka mmoja kwa sanduku la kura, inaitwa demokrasia.

#27 Masjala

Hapo umeingia ndani ya moyo wa Mwalimu bila ushahidi. Leta hati, leta shahidi.

#28 Mvuvi_wa_Ukara

Na wewe uliposema "nia ilikua kadiri vita vilivyokua", uliitoa kwenye hati gani?

#29 Chuma_cha_Pua

Hawa wawili wapewe chumba chao.

Mimi nirudi kwenye hoja. Monrovia, Julai 1979, mkutano wa OAU, Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria walitushambulia kwamba tumevunja kanuni ya kutoingilia nchi nyingine. Mwalimu hakuinamisha kichwa. Ni Mwalimu huyohuyo aliyeitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968 wakati karibu Afrika nzima imekaa kimya. Kwake kanuni ya mipaka haikuwa kichaka cha kujificha muuaji. Nia iko wazi kwenye maisha yake yote, hamhitaji droo.

#30 Wakili_wa_Kijiji

#29 na OAU hiyohiyo, Cairo 1964, ilikubaliana mipaka ya kikoloni iheshimiwe, na Mwalimu alikuwa mbele kwenye hilo. Biafra akaenda kinyume, Kyaka akaitumia dhidi ya Amin, Kampala akaivuka. Huenda kila mara alikuwa na haki. Ila usiniambie ni mstari ulionyooka.

#31 Omwana_wa_Bunazi

Nimerudi. Mama nimempigia simu nikamsomea mabandiko kadhaa. Anasema Chuma_cha_Pua anaongea kama mtu aliyekuwepo ilhali hakuwepo. Na anamuuliza Mzawa wa Masaka: ng'ombe wetu wa Missenyi walifika huko kwenu au waliliwa njiani?

#32 Mzawa_wa_Masaka

Shikamoo mama. Nadhani walimalizwa na askari, kwetu Masaka wananchi hawakuwaona. Mama apewe pole sana kutoka kwangu.

#33 Mkoba_wa_Ngozi

Mbona hakuna anayetaja waliokufa? Maelfu ya askari wetu wamelala kwenye makaburi ya Kaboya.

#34 Masjala

#33 si maelfu. Hesabu inayotajwa sana ni askari 373, na wachache kati yao, 96, ndio waliokufa kwenye mapigano. Wengine ajali na maradhi. Raia wa Missenyi ndio waliokufa wengi, na kwao hakuna gwaride.

#35 Mtoto_wa_Mgambo

#34 baba aliikataa hesabu hiyo ya 96 hadi anakufa. Alisema Lukaya peke yake aliona wengi. Sina karatasi ya kukuonyesha, nakuambia alichosema.

#18 uliuliza kuhusu amri ya Masaka. Tarehe hakuwahi kuitaja. Alikumbuka mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Lukaya ina kinamasi pande zote, gari likitoka lami limekwisha. Alikuwa chini ya Divisheni ya 20 ya Musuguri. Wale wa Mbarara waliokwenda na Mayunga walikuwa na safari yao nyingine kabisa, na wao hawakukutana na Walibya mapema vile. Kama kuna mtu humu mzee wake alikwenda njia ya Mbarara, amuulize waliambiwa nini walipofika pale, kusubiri au kusonga mbele. Wakiwa waliambiwa kusonga kabla ya Lukaya, hoja ya Masjala kuhusu Gaddafi itabidi ijibiwe upya.

#36 Ndizi_Mshale

Babu yangu mzaa mama alikwenda Mbarara. Yuko Biharamulo, masikio yamepungua ila kumbukumbu iko safi. Jumapili naenda, nitamuuliza hilohilo.